Pongezi kwa Warina Asali wa Walikale na Masisi

Katika nchi ya Walikale, mashariki mwa Kongo, ambako msitu ungali umezikabili nyumba, na katika milima ya Masisi, ambako miti imesalia michache katikati ya malisho ya ng'ombe, aghalabu hutokea nyuki wakafanya makazi mtini karibu na ua, nao wenye nyumba wakaingiwa na hofu. Hapo ndipo thamani ya mrina asali hudhihirika. Yeye haji na petroli wala shoka, bali huja jua likishatua, na kienge chake mkononi, akafukiza kwa utaratibu. Kwani moshi huifunika ile harufu aitoayo nyuki anapochoma ili kuwaita wenziwe, tena huwafanya wakimbilie kujishibisha asali, hata wakawa wazito wa kughadhibika. Kisha huyakata masega kwa hadhari, akayaacha yale yenye watoto. Na akimpata malkia, huweza kulihamisha kundi zima mzingani.

Heshima ya kazi hii ni ya kale. Katika kisa cha Mwindo, shujaa wa Wanyanga wa Walikale, alichokisimulia Candi Rureke na Daniel Biebuyck akakinakili mwaka 1956, Muisa, mungu wa kuzimu, humtahini shujaa huyo huko kwake kwa kumtuma kurina asali mtini. Kwa rai yangu, ni mtihani wa haki, maana unataka nguvu, ilimu na subira kwa pamoja.

Basi, ewe msomaji, nyuki wakihamia mtini kwako, wazuie watoto, usiwashe moto; mwite mrina asali, umlipe ujira wake kamili.