Tovuti ni Kitu Gani, na ni ya Nani? Uhakiki wa Istilahi za Mkataba Mmoja

Mwanzoni mwa mwaka huu mkuu wa shule moja ya sekondari ya mkoani alifika ofisini kwetu akiwa na mkataba wa kurasa saba. Mkataba huo uliandikwa kwa Kiswahili, kati ya shule yake na kampuni ndogo ya vijana wanne wa Dar es Salaam ambao kazi yao ni kutengeneza tovuti. Mgeni wetu hakuja kutafuta wakili; alikuja kuuliza maana ya maneno. Tovuti ya shule, ambayo wazazi waliichangia, ilikuwa imetoweka miezi kumi na minne baada ya kukabidhiwa, na kampuni ilipoulizwa ilijibu kwamba malipo ya mwaka wa pili hayajafika. "Kitu nilichokwisha kukinunua nakilipia vipi tena?" aliuliza. Kampuni nayo ilikuwa imemwandikia barua yenye adabu ikisema kwamba kila jambo limo mkatabani.

Tulipousoma mkataba tuliona kwamba hakuna upande uliosema uongo. Kila mmoja aliyasoma maneno yale yale akapata maana iliyo halali katika Kiswahili, na maana hizo mbili hazikukutana.

Makala haya yanakusudia kuuhakiki mkataba huo kwa upande wa istilahi peke yake. Hatutaji majina ya wahusika, maana kosa tunaloliona si lao peke yao. Inapasa kwanza tuwape vijana wale sifa wanayostahili: wameandika kwa lugha ambayo mteja wao anaielewa, ilhali wengi wa wenzao humpa mteja karatasi za Kiingereza atie sahihi bila ya kuzisoma. Aidha, tangu mwaka 2021, Kiswahili kilipofanywa na Bunge kuwa lugha ya sheria na ya mahakama katika Tanzania, neno la mkataba laweza kusomwa na hakimu kama lilivyo, pasipo kufichwa na tafsiri. Kwa hiyo usahihi wa istilahi hizi si suala la mapambo.

1. Tovuti

Neno hili limekwisha kuzoeleka, na hatuna nia ya kuligusa. Tatizo ni kwamba mkataba unalitumia kwa vitu vinne mbalimbali: jina ambalo msomaji huliandika ili aifikie shule; nafasi ya kuweka kurasa katika seva; kurasa zenyewe pamoja na programu inayoziendesha; na maandishi na picha zilizomo. Kisha kifungu cha tisa chasema kwamba umiliki wa tovuti utahamia kwa mteja akisha kulipa fedha zote. Upi kati ya hivyo vinne?

Jina halinunuliwi likawa mali ya milele. Majina yaishiayo kwa tz husajiliwa kwa muda maalumu na sharti yahuishwe muda huo unapokwisha. Kwa jambo hili jina linafanana na sanduku la posta. Shule hulipia sanduku lake kila mwaka, wala mkuu wa shule hajapata kulalamika kwamba alikwisha kulinunua. Nafasi katika seva nayo hupangwa kama chumba cha biashara. Kurasa zina hakimiliki, ambayo ni jambo la sheria yake ya mwaka 1999, na hapana budi mkataba utamke waziwazi kama hakimiliki hiyo inahamishwa. Maandishi na picha ni za shule tangu mwanzo. Neno moja lililobeba mizigo minne lilimfanya mnunuzi aamini kwamba amepata yote, na muuzaji aamini kwamba ameuza kile kimoja tu alichokitengeneza.

Baya zaidi ni kwamba jina lilisajiliwa kwa jina la kampuni. Mkataba haukukataza, kwa kuwa haukulitaja jina kabisa. Shule ambayo jina lake limesajiliwa kwa mtu mwingine ni kama mwenye nyumba ambaye hati yake imeandikwa jina la mwashi.

2. Uhifadhi

Hapa ndipo tovuti ilipopotelea. Kifungu cha sita chasema kwamba kampuni itatoa huduma ya "uhifadhi wa tovuti kwa mwaka mmoja". Katika Kiswahili kuhifadhi ni kuweka mahali pa salama kisiharibike: tunahifadhi nyaraka, tunahifadhi misitu, tunahifadhi Kurani moyoni. Mkuu wa shule alielewa kwamba kampuni itailinda tovuti kwa mwaka mzima, na kwamba baada ya hapo shule itajilinda yenyewe. Haikumpitikia kwamba mwaka ukiisha hakuna kitakachobaki cha kulindwa.

Istilahi iliyofaa ni upangishaji, nayo imekwisha kutumika. Kila Mswahili anajua kwamba mpangaji hulipa kodi, kodi ina mwezi wake, na asiyelipa hutolewa vyombo nje. Neno lenyewe lingalikuwa onyo tosha. Tuliwapigia simu vijana wale kuwauliza kwa nini waliliacha. Mmoja wao alijibu kwa unyofu kwamba upangishaji lilimkumbusha vyumba vya Manzese, na uhifadhi lilikuwa na heshima zaidi katika mkataba. Jibu hilo lingefaa kubandikwa ukutani katika kila ofisi ya tafsiri. Mara nyingi tunaliacha neno linalosema kweli kwa sababu tumelisikia uswahilini, tukalishika jingine kwa sababu limevaa koti.

3. Maudhui

Mkataba wamtaka mteja alete "maudhui" katika siku kumi na nne. Mkuu wa shule ni mwalimu wa fasihi, na kwa miaka mingi amewafundisha vijana kutenganisha fani na maudhui. Fani ni umbo na ufundi. Maudhui ni yale yanayokusudiwa kusemwa: dhamira, ujumbe, msimamo. Akatimiza wajibu wake kwa siku tatu. Alipeleka ukurasa mmoja uliosema kwamba tovuti ya shule iwe na maudhui ya nidhamu, bidii ya kazi na mapenzi ya nchi.

Kampuni ilikuwa inangoja historia ya shule, orodha ya masomo, kiasi cha ada, fomu za kujiunga na picha za majengo. Miezi miwili ilipita, kila upande ukiamini kwamba mwenzake amezembea.

Msomaji asicheke upesi. Mwalimu alilisoma neno kama silabasi ilivyomfundisha, na walimu wa namna hiyo ni maelfu. Neno lenye maana imara darasani halifai kupewa kazi nyingine bila ya kutangazwa. Kwa mikataba tunapendekeza "matini na picha", au orodha ya wazi ya vitu vinavyotakiwa. Maudhui libaki katika mazungumzo ya jumla, pale ambapo kutoelewana hakumtoi mtu fedha.

4. Marekebisho na kukamilika

Kifungu cha saba kinaruhusu "marekebisho matatu" bila ya malipo. La kwanza lilikuwa kosa la herufi katika jina la shule, lililofanywa na kampuni. La pili, bodi ilitaka rangi ya bluu badala ya kijani. La tatu, makamu mkuu aliomba ukurasa wa wahitimu, ambao haukuwa katika makubaliano. Kampuni ilihesabu matatu ikafunga daftari. Shule ilihesabu moja, maana kosa la fundi halihesabiwi, na nyongeza si rekebisho.

Mafundi wetu wa cherehani walikwisha kuitatua kesi hii bila ya mkataba wowote. Suruali ikibana kwa kuwa fundi alipima vibaya, huipanua bure. Ikibana kwa kuwa mwenyewe amenenepa, au amebadili nia, hulipa kidogo. Akitaka mfuko ambao hakuutaja, hiyo ni kazi mpya na ina bei yake. Kiswahili kinayo maneno ya hali zote tatu: kusahihisha, kubadilisha na kuongeza. Marekebisho yameyafunika yote, na mwenye kuhesabu akawa ndiye mwenye hukumu.

Udhaifu wa namna hiyo umo pia katika sharti kwamba fungu la mwisho litalipwa "kazi itakapokamilika". Kitenzi hiki kiko katika kauli ya kutendeka, ambayo haimtaji mtenda. Kazi imekamilika, nani kasema? Watumishi wa umma wanajua dawa yake, kwani hakuna ghala wala gari la serikali linalobadili mikono pasipo hati ya makabidhiano. Kukabidhi kuna mtoaji, kupokea kuna mpokeaji, na hati ina tarehe na sahihi mbili. Mkataba ungaliandika kwamba fungu la mwisho hulipwa siku mteja anapotia sahihi ya kupokea, na ubishi ungalikufa kabla ya kuzaliwa.

5. Lawama yetu wenyewe

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya uaminifu wala si ya lugha, na kwamba mfanyabiashara mwema humweleza mteja wake kwa mdomo. Twakubali kwamba maelezo ya mdomo yanasaidia. Lakini aliyeeleza huhama, aliyeelezwa hustaafu, na karatasi ndiyo hubaki. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Katika mkasa huu daftari lilikuwapo, na mali ilikaribia kupotea hata hivyo.

Sehemu kubwa ya lawama yatuhusu sisi wakuza istilahi. Tangu vijitabu vya Tafsiri Sanifu vilipoanza kutolewa katika miaka ya 1970, desturi yetu imekuwa kupanga neno la kigeni upande mmoja na la Kiswahili upande wa pili. Desturi hiyo imetufaa sana pale palipotajwa vitu: sehemu za gari, viungo vya mwili, vyeo vya serikali. Lakini biashara ya huduma hutaja zaidi matendo na haki: nani atafanya nini, mpaka lini, na kipi ni cha nani. Vijana wale walitueleza kwamba walichukua maneno yao katika orodha zilizopo. Orodha zikawapa nomino, zisiwape mpaka wa nomino hizo, wala kitenzi cha kwenda nazo.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, orodha ya istilahi za huduma za tovuti iandaliwe kwa kukaa na watengenezaji pamoja na wateja wao, na kila istilahi ipewe sentensi ya mkataba inayoonyesha matumizi yake. Pili, maneno ya kazi za mikono, kama upangishaji, kusahihisha na makabidhiano, yatazamwe kwanza kabla ya kubuni mengine. Tatu, neno linalotumika shuleni kwa maana maalumu lisipewe maana ya pili katika hati za fedha pasipo kuelezwa.

Mkasa wenyewe umekwisha kwa wema. Shule ililipa kodi ya mwaka wa pili, na kampuni ikakubali kulihamishia jina kwa shule bila ya gharama. Vijana wale wameandika mkataba mpya, nao una vifungu vinne mahali pale ambapo palikuwa na neno tovuti peke yake. Wametuletea tuukague kabla hawajampa mteja mwingine. Wasomaji wenye mikataba ya namna hii katika ofisi na shule zao wanaombwa watuletee nakala, wakiwa wamefuta majina, ili orodha tutakayoitengeneza itokane na maneno yaliyokwisha kuwagombanisha watu.