Hofu Si Lengo: Tahakiki ya Kitabu cha Brigedia Malik

Sifa njema zote zinamstahikia Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Mwaka 1979, mjini Lahore, kilichapishwa kitabu cha Kiingereza kiitwacho The Quranic Concept of War, kilichotungwa na Brigedia S. K. Malik wa jeshi la Pakistan. Dibaji yake iliandikwa na Jenerali Zia-ul-Haq, mtawala wa nchi hiyo wakati ule. Kwa dibaji hiyo, rai ya askari mmoja ilivikwa joho la dola. Na baada ya mwaka 2001, waandishi wa mambo ya kijeshi wa Marekani walikifanya ushahidi wa jinsi Waislamu wanavyoviona vita. Basi ni wajibu kukipima kwa mizani ya elimu.

Tumpe kwanza haki yake. Mwandishi anasema kuwa vita katika Qur'ani Tukufu havikukusudiwa kuteka ardhi kwa ajili ya fahari, bali kuondoa dhulma na kusimamisha amani na uadilifu. Anasisitiza pia kuwa maandalizi ya wakati wa amani yana uzito mkubwa kuliko mapambano yenyewe. Hayo ni maneno mema.

Lakini nguzo ya kitabu ni dai jingine: kwamba kutia hofu katika nyoyo za maadui si njia tu, bali ndilo lengo lenyewe, hofu ikishaingia, hapabaki kazi kubwa ya kufanywa. Hapa ndipo tunapotofautiana naye, na sababu yetu ya kwanza ni ya lugha.

Mwandishi amechanganya maneno mawili. La kwanza ni ru'b, nalo limo katika Aal Imran aya ya 151 na Al-Anfal aya ya 12. Mtendaji katika aya zote mbili ni Mwenyezi Mungu peke yake: Yeye ndiye anayeitia hofu hiyo nyoyoni. Hata Mtume (s.a.w.), katika hadithi sahihi, amesema kuwa amenusuriwa kwa ru'b, wala hakusema kuwa yeye ndiye aliyeitengeneza. Neno la pili linatokana na rahba, nalo limo katika Al-Anfal aya ya 60, ambamo Waislamu wanaamrishwa kuandaa nguvu na farasi ili kumwogofya adui. Ar-Raghib Al-Isfahani, katika kamusi yake ya maneno ya Qur'ani, ameeleza rahba kuwa ni hofu inayoandamana na kujihadhari. Basi tulichoamrishwa ni kumfanya adui ajihadhari asishambulie. Mwenye kugeuza tendo la Mola kuwa mpango wa majenerali amejipa asichopewa.

Sababu ya pili ni mfuatano wa aya. Mara tu baada ya aya ya 60 inakuja ya 61, inayoamrisha kuelekea kwenye amani iwapo maadui wataielekea. Kama hofu ingekuwa lengo, aya hii isingekuwa na nafasi.

Sira nayo inashuhudia. Mwaka wa 8 Hijria (630), jeshi la Waislamu lilipopiga kambi Marr adh-Dhahran, Mtume (s.a.w.) aliamrisha mioto mingi iwashwe. Abu Sufyan akaiona, akatambua kuwa Makuraishi hawana uwezo wa kupambana. Lakini mambo hayakuishia kwenye mioto. Kulifuata tangazo la amani kwa atakayeingia nyumbani mwa Abu Sufyan, au msikitini, au atakayejifungia mlango wake, kisha msamaha. Hofu ilikuwa mlango wa kuhifadhia damu, na Makka ikafunguliwa kwa mapigano machache tu.

Msomaji atauliza: kosa hili lina madhara gani leo? Aliyefanya hofu kuwa lengo hana mpaka wa kusimamia, kwani kila silaha inayotisha zaidi kwake ni bora zaidi. Mwisho wa njia hiyo ni bomu la nyuklia. Mwezi Mei 1998 India na Pakistan zilifanya majaribio yake. Mwaka uliofuata majeshi yao yakapigana Kargil. Hofu peke yake haikuleta amani.

Na mafakihi wana swali zito zaidi. Mtume (s.a.w.) amekataza kuua wanawake na watoto vitani. Wako wanaoruhusu bomu hilo kwa kukisia na manjaniki, ule mtambo wa kurushia mawe ambao jumhuri ya mafakihi waliuruhusu dhidi ya ngome. Kiasi hicho kina kasoro iliyo wazi: jiwe hulengwa ukuta, na aliye nyuma yake huepukwa kadiri iwezekanavyo, bomu huuchoma mji mzima, kama ilivyoonekana Hiroshima mwaka 1945. Na kitisho hakitishi ila mwenyewe awe ameazimia kukitekeleza. Je, inajuzu kuazimia lililo haramu kulitenda? Brigedia Malik hakutuachia kanuni ya kulijibu swali hili, kwa sababu amekwisha kuondoa mpaka wenyewe.

Basi maimamu wanaposomesha aya ya 60, wasisimame hapo. Waisome pamoja na ya 61, ili vijana wajue nguvu imeamrishwa kwa ajili ya nini.

Wallahu a'lam.