Maji ya Picha na Maji ya Nyamwamba

Vipeperushi wanavyopewa watalii wanaopanda Rwenzori kupitia kwetu Nyakalengija husifu mto Mubuku: maji baridi, maangavu, yanayoshuka kutoka kwenye barafu. Sifa hizo ni za kweli. Ila zinaishia hapo, kana kwamba mlima una bonde moja tu.

Bonde la jirani ni la Nyamwamba. Huko Kilembe shaba ilichimbwa kuanzia 1956 hadi mapema miaka ya 1980, na mabaki ya mawe yaliyosagwa yakaachwa kandokando ya mto. Mafuriko ya Mei 2013 na ya Mei 2020 yaliyakwangua na kuyashusha bondeni. Rundo jingine, lenye kobalti, lilikaa Kasese likivuja tindikali iliyokausha majani hadi ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth, kuelekea Ziwa George. Kiwanda kilianza kulisindika mwaka 1999 kwa msaada wa bakteria (nani angedhani vijidudu vingetufaa hivyo!).

Ninachokosoa katika maandishi mengi kuhusu mto huu ni kuhesabu mawe yaliyoondolewa na miti iliyopandwa, kisha kutangaza kwamba mto umepona. Mawe yanaonekana, shaba iliyoyeyuka haionekani. Shangazi yangu wa Kilembe huyaacha maji yatuame ndooni usiku kucha, asubuhi husema yamesafika. Yametakata tu. Hata kuyachemsha hakuondoi shaba. Mwandishi anayetaka nimwamini aniambie kwanza: marundo yaliyobaki yamezuiwa kwa kitu gani, na maji hupimwa na nani, mara ngapi? Shangazi bado anachota palepale.