Hongera, Mafundi wa Magari ya Waya

Hapa Tunduma malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, Zambia, hupanga foleni ndefu, na watoto wanapata muda wa kuyakagua. Baadaye hutengeneza ya kwao. Waya hukunjwa kwa mkono na kunyooshwa kwa jiwe mpaka ipatikane chesisi. Kopo huwa kichwa, ndala iliyokatika hutoa matairi. Tela hufungwa kwa kiungo kinachogeuka kweli, na usukani mrefu hugeuza magurudumu ya mbele huku dereva akitembea wima. Usukani huo nauvulia kofia: kazi ya uhandisi isiyo na rula wala mchoro. Ya plastiki ya dukani, kusema kweli, hayakati kona hivyo. Hongereni, mafundi. Nanyi akina mama, waya wa kuanikia nguo ukipotea, msiwafokee sana.