Fundi Cherehani Apewe Sifa Yake

Watu wanaopendeza kila siku kwa nguo chache wana siri yao, na siri hiyo hukaa barazani nyuma ya cherehani. Nguo zilizofurika kabatini hazimsaidii mtu asubuhi kama hakuna hata moja inayomkaa. Gauni nne na suruali tatu zilizopita mikononi mwa fundi hodari zinatosha kumvika mtu mwaka mzima, na kila anayemwona akajua kuwa huyu ni fulani.

Fundi mzuri haanzi na mkasi. Huanza na maswali: nguo hii ni ya kazini au ya harusini? Utapanda nayo daladala? Mkono ufike wapi? Kisha huzungusha futi kamba begani, kifuani, kiunoni na nyongani, akaandika vipimo kwenye daftari lililokunjika kona. Humo mna mambo ambayo duka haliyajui: bega moja limeshuka kidogo, mgongo umenyooka, kiwiliwili ni kirefu kuliko miguu. Mtindo wa mtu huanzia hapo, kwenye mwili wake mwenyewe.

Mtazame anapogeuza kola. Shati zuri la pamba huchakaa kola kwanza, pale shingo inapokwaruza na jasho linapotua, ilhali shati lenyewe bado zima. Fundi huchukua wembe akafumua mshono unaoshikilia kola kwenye ukanda wa shingoni, uzi baada ya uzi, bila kujeruhi kitambaa. Huondoa vijiuzi, akapiga pasi, akaigeuza ili upande uliojificha uje juu na uliochakaa ulale chini. Huichomeka tena mlemle, katikati ya kola ikutane na katikati ya mgongo, kisha hupitisha mshono juu ya matundu ya zamani. Ukilivaa shati hilo, hakuna atakayejua kuwa limewahi kuchakaa.

Ustadi huohuo huonekana kwenye kitambaa kipya. Kitenge cha pamba hulowekwa na kuanikwa kabla ya kukatwa, maana pamba hurudi ikipata maji. Mkasi hufuata mwelekeo wa nyuzi, kwa sababu kipande kilichokatwa upogo hujipinda baada ya kufuliwa. Maua huoanishwa kwenye mshono wa mbele, yasikatike kifuani. Kanga nayo ina adabu yake: pindo pande zote, mji katikati, na jina chini ya mji. Fundi makini huliacha pindo lizunguke chini ya gauni, na jina likasomeka lote.

Lakini kipimo cha ufundi kwangu kiko ndani, pasipoonekana. Fundi anayekujali huacha akiba ya kitambaa, sentimita mbili au tatu kwenye mishono ya ubavuni, na upindo mpana chini. Mwaka utakaonenepa, atafumua na kuachia. Binti akirefuka, atashusha upindo. Nguo iliyoshonwa bila akiba huishi mpaka mwili ubadilike, na miili yetu hubadilika.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu zaidi ya kumthamini mtu huyu. Mabelo ya mitumba hufunguliwa katika masoko ya Gikomba, Kongowea na Karume. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa sokoni hatua kwa hatua ili viwanda vya ndani vipate nafasi. Rwanda ilishikilia ushuru wake mkubwa kwa mitumba, na mwaka 2018 Marekani ikaisitishia nafuu ya kuuza nguo huko bila ushuru. Mitumba ingali imejaa masokoni. Katika belo moja hutoka koti la sufu lililoshonwa lidumu miaka mingi, na hutoka pia vifulana vya poliesta, kitambaa kinachotokana na mafuta ya petroli, ambacho kikitupwa hukaa ardhini miaka na miaka. Mabaki ya Gikomba mengine huishia katika Mto Nairobi.

Mwenye fundi huingia sokoni na jicho jingine. Hupapasa kitambaa, hugeuza nguo ndani nje kuangalia mishono, wala ukubwa haumtishi sana. Koti la mwanamume hupunguzwa mabega, kazi ngumu kuliko zote, hubanwa kiuno, huwekewa bitana ya kanga na vifungo vipya, likawa la msichana wa Nairobi ambalo mwenzake hanalo. Kununua huku ni kwa uangalifu, na kuvaa huku ni kwa kujijua.

Basi fungua kabati lako wiki hii. Toa gauni lenye zipu mbovu, suruali inayobana, na shati ulilolipenda kabla kola haijachakaa. Mpelekee fundi wa mtaani kwako, mweleze unavyotaka, umpe muda. Akimaliza, usimshushie bei mpaka jasho lake likose thamani. Kazi yake huonekana ndogo kwa sababu ikifanywa vizuri haionekani. Anayetuvisha kwa heshima anastahili kulipwa kwa heshima.