Tai ya Shule na Hati ya Shamba: Nasaba katika Maandishi ya Elspeth Huxley

Aghalabu The Flame Trees of Thika (1959) husomwa kama tawasifu ya utoto, nao usomaji huo hulipita swali la nasaba. Wazazi wa mwandishi, Josceline na Nellie Grant, wamebadilishwa majina kuwa Robin na Tilly. Jina likibadilika, babu naye hutoweka. Nellie alikuwa binti wa Lord Stalbridge wa kwanza, wa ukoo wa Grosvenor, ule ule unaojulikana kwa viwanja vyake vya Mayfair, London.

Hata hivyo nasaba haikuondoka. Imevaa vazi jingine. Mwanzoni mwa kitabu Robin ananunua ekari 500, kwa pauni 4 kila ekari, katika baa ya hoteli ya Norfolk, Nairobi, kutoka kwa mtu aliyevaa tai ya waliosoma Eton. Huxley anakusudia kicheko, naye anakipata. Lakini tai ile ndiyo hati yenyewe: inamweleza mnunuzi kwamba muuzaji ni mwenzake, wala hapana haja ya kuuliza yeye ardhi aliipata kwa nani.

Swali hilo mwandishi alilijua vyema. Katika riwaya yake Red Strangers (1939) aliwasawiri Wakikuyu kizazi baada ya kizazi, katika jamii ambamo ardhi hufuata mbari na kumtaja babu ni kuutaja mpaka. Riwaya inaishia kwa mtoto wa kike anayepewa jina la eropleni, ilhali desturi humpa binti wa kwanza jina la nyanya mzaa baba. Kejeli hii ni kali, ila imeelemea upande mmoja. Mkikuyu anaonyeshwa akipokonywa ukoo. Mlowezi, aliyeuficha wake kwa hiari, anasimama kama mtu asiye na jana.

Ikumbukwe kwamba mwaka 1959 hali ya hatari iliyotangazwa 1952 ilikuwa haijaondolewa, na ardhi ndiyo iliyokuwa kiini cha ugomvi. Kumpa mtoto usimulizi wakati huo, mtoto ambaye hakununua kitu wala hakuchagua kuja, ni uamuzi wa kisanaa wenye faida ya kisiasa, hata kama haukudhamiriwa hivyo.

Jina halisi la mama lilirejea mwaka 1980, Huxley alipochapisha Nellie: Letters from Africa. Nellie alikuwa amekwisha kufariki. Shamba lake la mwisho, la Njoro, aliliacha mwaka 1965 akahamia Ureno.