Nani Alihesabu Maharage ya Murungu?

Ile grafu lazima umeshaiona. Kila baada ya miezi kadhaa inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: mistari ya pato la mtu mmoja mmoja katika nchi za Afrika Mashariki tangu uhuru. Kenya iko juu, Tanzania inafuata kwa mbali kidogo, Burundi imelala chini kabisa. Hapo ugomvi unaanza. Wakenya wanatamba, Watanzania wanajitetea, na hakosekani mmoja wa kusema kila kitu kiliharibiwa na Ujamaa.

Kabla hujaingia kwenye ugomvi huo, ngoja kwanza. Mistari hiyo imechorwa na nani, na alihesabu nini?

Swali hilo ndilo analolifuata Morten Jerven, mwanahistoria wa uchumi kutoka Norway, katika kitabu chake cha mwaka 2014, Economic Growth and Measurement Reconsidered in Botswana, Kenya, Tanzania, and Zambia, 1965–1995. Anachukua takwimu za serikali za nchi hizo nne, anaziweka kando ya zile za kimataifa ambazo sisi wanafunzi tunazipakua bila kuuliza, kisha anatuonyesha kwamba hazikubaliani. Nchi ileile, mwaka uleule, ukuaji tofauti.

Ukidhani hayo ni mambo ya zamani, kumbuka Septemba 2014. Kenya ilibadilisha mwaka wa kizio, yaani mwaka unaotumika kama msingi wa kupima bei na ukubwa wa kila sekta. Pato la Taifa likapanda kwa 25%, na Kenya ikaingia kwenye kundi la nchi za kipato cha kati. Desemba Tanzania nayo ikabadilisha, na pato lake likaongezeka kwa zaidi ya robo. Hakuna shamba jipya lililolimwa usiku huo. Kilichobadilika ni daftari.

Hoja yake nzito zaidi inahusu miaka ya 1980. Maduka ya Tanzania yalipokuwa matupu, biashara nyingi ilihamia kwenye magendo, ambako mtakwimu haoni. Anguko likaonekana kubwa kuliko lilivyokuwa. Soko lilipofunguliwa, biashara ileile ikarudi hadharani, na kurudi kwake kukahesabiwa kama ukuaji.

Mimi hoja hii niliielewa nyumbani Murungu, kule Kibondo, kabla sijaisoma popote. Wazee wetu bado wanausimulia msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983, na jinsi sabuni na vitenge vilivyokuwa vikivuka mpaka usiku. Hata leo, gunia la maharage likipakiwa kwenye baiskeli kuelekea Burundi kwa njia za panya, huenda likakadiriwa kama mavuno, lakini kwenye mauzo ya nje hulikuti.

Rudi nyuma zaidi. Wakati wa mkoloni Waha wengi walikwenda Tanga kuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge. Katani ilipimwa tani kwa tani bandarini, na miaka ya mwanzo ya uhuru nchi ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Mihogo waliyolima wake zao huku nyumbani ilikadiriwa tu, na mara nyingi ilidhaniwa inaongezeka kadiri watu wanavyoongezeka. Jasho la babu lilihesabiwa Tanga. La bibi lilikisiwa.

Kwa hiyo kitabu nakikubali. Lakini nina malalamiko mawili.

La kwanza, hakitoki ofisini. Kinachambua majedwali kwa ustadi mkubwa, ila ukimaliza kusoma unajua kwa nini namba ni mbovu bila kujua tungepimaje vizuri zaidi. Jirani zetu wa Kagera wana jibu moja. Kaya zilizohojiwa kule kati ya 1991 na 1994 zilitafutwa tena mwaka 2004, pamoja na watu waliokuwa wamehama. Waliohama waliongeza matumizi yao kwa pointi 36 za asilimia zaidi ya ndugu zao waliobaki. Mstari wa nchi hauwezi kukuonyesha hilo. Ukuaji ulifuata watu waliosafiri, na sisi wajukuu wa manamba hatushangai.

La pili, ni rahisi kukisoma na kuondoka ukisema, "Basi, takwimu zote uongo." Hapana bwana. Burundi haimo kwenye kitabu, lakini kwetu ndiyo ulinganisho wenyewe: Kiha na Kirundi tunasikilizana, milima inafanana, mazao yaleyale. Mistari ya nchi hizi mbili inapoachana baada ya 1993, hilo si kosa la daftari. Vita vilianza mwaka huo, na wakimbizi waliojaa Kibondo na Kasulu tuliwaona kwa macho. Hakuna mama anayevuka mpaka na mtoto mgongoni kwa sababu ya mwaka wa kizio.

Hapo ndipo pa kusimama. Tofauti ndogo, kama nani kampita nani mwaka huu, usiiamini haraka. Tofauti kubwa iliyodumu miaka thelathini, ichukulie kwa uzito, kisha uliza ni nani aliyeachwa nje ya hesabu.

Na usidhani huu ni ubishi wa Simba na Yanga. Julai 2020 Benki ya Dunia iliiweka Tanzania kwenye uchumi wa kati wa chini, na makundi hayo yana uzito nchi inapokwenda kuomba mkopo nafuu. Mkulima wa Murungu atakuwa miongoni mwa watakaolipa mkopo huo. Angalau maharage yake yahesabiwe.